Kuupima Moyo Unapofanya Kazi

Wanafunzi waliokwisha soma habari za mzunguko wa damu wanajua ya kuwa moyo ni pampu. Lakini yako maradhi ya pampu hii yasiyoonekana mtu akiwa ameketi. Mtu aweza kula vizuri, kulala vizuri, kufanya kazi yake ya kalamu ofisini, na hata kupimwa akaambiwa hana neno, na kumbe mishipa inayoulisha moyo wake imekwisha kuziba nusu yake au zaidi. Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Katika somo hili tutaeleza jinsi madaktari wanavyoutafuta ugonjwa huo, kwa kumfanyisha mtu kazi na huku wakiandika umeme wa moyo wake. Tena tutaeleza kwa nini maandishi hayo hayana budi kusomwe kwa akili, maana yaweza kumtia hofu mtu mwenye afya, na yaweza kumtuliza mgonjwa bure. Somo lawafaa wanafunzi wa sayansi, lakini lawafaa zaidi ndugu zetu waliomaliza shule siku nyingi, ambao sasa wamefika miaka 40 na 50, na ambao mbio zao za mwisho zilikuwa zile za siku ya michezo hapa shuleni.

MISHIPA YA KORONARI

Wengi hudhani kuwa moyo hujilisha kwa damu iliyomo ndani yake. Sivyo. Moyo ni msuli mnene, nao huletewa damu na mishipa yake yenyewe. Mishipa hiyo hutoka penye mwanzo wa mshipa mkuu uitwao aota, ikauzunguka moyo kwa nje mfano wa taji. Ndiyo sababu yaitwa koronari, kwa neno la Kilatini lenye maana ya taji.

Mtu akitulia, moyo wake hupiga kama mara 70 kwa dakika, na kusukuma kama lita 5 za damu. Katika lita hizo, kama robo lita tu ndiyo inayopita katika mishipa ya koronari. Sasa tuangalie tofauti moja kubwa. Msuli wa mguu ukitulia huchukua sehemu ndogo tu ya oksijeni iliyomo katika damu unayoletewa, na kazi ikizidi huchukua zaidi. Moyo hauna akiba ya namna hiyo. Hata mtu akiwa amelala, moyo wake huchukua karibu robo tatu ya oksijeni yote unayoletewa. Basi kazi ikizidi, moyo hauna njia ila kuletewa damu nyingi zaidi, mara 4 au 5 kuliko ya kawaida.

Katika ugonjwa huu, mafuta ya kolesteroli, chembe za damu na chokaa hujikusanya katika ukuta wa mshipa mwaka baada ya mwaka, mpaka njia ikawa nyembamba. Fikiri bomba la maji la shule lililoshika kutu kwa ndani. Usiku wa manane mwanafunzi mmoja akifungua bomba, maji yatoka barabara, wala hapana mtu atakayejua kwamba pana kasoro. Lakini saa kumi na mbili asubuhi, wote wakifungua kwa pamoja ili waoge, mabweni ya juu hayapati hata tone.

Ndivyo ilivyo kwa moyo. Upana wa mshipa ukipungua kwa nusu, uwezo wa kuleta damu nyingi wakati wa kazi huanza kupungua. Lakini damu ya wakati wa kutulia haipungui mpaka upana huo uwe umepotea kama sehemu 85 katika 100. Katikati ya hatua hizo mbili pana miaka mingi ya ugonjwa uliojificha.

Daktari William Heberden wa London alilieleza jambo hili mwaka 1768, kabla ya mtu yeyote kujua kuandika umeme wa moyo. Alisema wako watu wanaokabwa kifua wanapotembea, hasa wakipanda mlima au wakiwa wametoka kula, na kwamba wakisimama tu maumivu huondoka. Maumivu hayo aliyaita anjaina. Basi tangu zamani ilijulikana ya kuwa ugonjwa huu husema mtu akiwa kazini, na hunyamaza akipumzika.

UMEME WA MOYO

Kila pigo la moyo hutanguliwa na wimbi dogo la umeme lipitalo katika msuli wake. Umeme huo hufika mpaka kwenye ngozi, ijapokuwa ni kidogo sana. Mwaka 1887 Augustus Waller aliupima kwa mwanadamu huko London. Baadaye Willem Einthoven, mwalimu wa chuo kikuu cha Leiden katika Uholanzi, akatengeneza chombo cha kuuandika vizuri zaidi, akatangaza kazi yake miaka ya kwanza ya karne ya 20. Chombo chake kilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, na mgonjwa alitia mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Mwaka 1924 alipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi mashine ya kazi hiyo yaweza kubebwa kwa mkono mmoja.

Einthoven ndiye aliyeyapa mawimbi hayo majina ya herufi. Wimbi P ni la vyumba vya juu vya moyo. Mawimbi Q, R na S ni ya vyumba vya chini, ambavyo ndivyo vinavyosukuma damu. Wimbi T ni la vyumba hivyo vya chini vikijitayarisha upya. Karatasi hupita kwa mwendo wa milimita 25 kwa sekunde, hivyo milimita moja ya kulala ni sekunde 0.04. Milimita 10 za kusimama ni milivolti moja.

Sehemu tunayoitaka sisi ni ule mstari ulio kati ya S na T, uitwao ST. Kwa mtu mwenye afya mstari huo huwa karibu sawa na msingi wa mchoro. Lakini msuli wa moyo ukikosa oksijeni, tabaka la ndani ndilo linalotangulia kuumia, kwa sababu liko mbali na mishipa iliyo nje, tena ndilo linalobanwa zaidi moyo unapojikaza. Tabaka lenye njaa na tabaka lililoshiba huwa hayana umeme sawa, na tofauti hiyo huonekana katika karatasi: mstari wa ST hushuka chini ya msingi wake. Mtu akipumzika na damu ikatosha, mstari hurudi mahali pake. Ndiyo maana mchoro wa mtu aliyelala kitandani waweza kuwa mwema kabisa, na huku ugonjwa upo.

KUTOKA NGAZI MPAKA MKANDA

Mwaka 1928, Feil na Siegel wa Cleveland, Marekani, waliwafanyisha mazoezi wagonjwa wa anjaina mpaka maumivu yakaja, wakaona mstari wa ST ukibadilika, kisha ukirudi maumivu yalipokwisha. Mwaka 1929 Arthur Master wa New York, pamoja na mwenzake Oppenheimer, alitangaza jaribio la ngazi mbili. Kila ngazi ilikuwa na kimo cha kama sentimita 23, na mtu alipanda na kushuka kwa dakika moja na nusu. Mwanzoni walihesabu mapigo na kupima nguvu ya damu tu. Miaka ya 1940 ilipoanza, Master akaongeza mchoro wa umeme kabla ya kazi na baada yake.

Ngazi za Master zilikuwa rahisi, lakini zilikuwa na kasoro mbili. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kwa watu wenye nguvu, na mchoro uliandikwa kazi ikiwa imekwisha. Robert Bruce wa Seattle ndiye aliyeleta njia inayotumika sana hata leo. Alimtembeza mtu juu ya mkanda unaozunguka, mchoro ukiandikwa wakati wote, na mwaka 1963 alitangaza utaratibu wake wa kupandisha kazi hatua kwa hatua.

Kila hatua ni ya dakika 3. Ya kwanza ni mwendo wa kilomita 2.7 kwa saa, na mkanda umeinuliwa kama kilima kinachopanda mita 10 kwa kila mita 100. Ya pili ni kilomita 4 kwa saa, na kilima cha mita 12. Ya tatu ni kilomita 5.5 na mita 14. Ya nne ni kilomita 6.8 na mita 16, na hapo wengi hawawezi kutembea tena ila hukimbia.

Mgonjwa hubandikwa nyaya 10 mwilini, na nguvu ya damu hupimwa kila baada ya muda. Kwa kukadiria, kilele cha mapigo ya mtu ni 220 kutoa umri wake. Mtu wa miaka 50 atazamiwa kufika 170, na madaktari hutaka afike angalau sehemu 85 katika 100 za hesabu hiyo, yaani kama 145. Asipofika, mchoro mwema hauna maana sana, maana kilima chenyewe hakukipanda. Kazi husimamishwa mara moja akipata maumivu makali ya kifua, akipata kizunguzungu, nguvu ya damu ikianguka, au mapigo yakipotea mpango. Hatari ni ndogo, kwani vifo havizidi kimoja katika majaribio kama 10,000, lakini kwa sababu hatari ipo, jaribio hili hufanywa penye daktari na vyombo vya kuuamsha moyo.

Mchoro huhesabiwa kuwa na dalili ya ugonjwa ikiwa mstari wa ST umeshuka milimita 1 au zaidi, nao umelala sawa au unateremka. Mstari ulioshuka kisha ukapanda upesi haupewi uzito huo.

Daktari mwema haangalii ST peke yake. Madaktari wa chuo kikuu cha Duke, Marekani, walitangaza mwaka 1987 hesabu hii. Chukua dakika mtu alizotembea kwa utaratibu wa Bruce. Toa mara 5 ya milimita ambazo ST imeshuka. Kisha toa 4 ikiwa alipata anjaina, au 8 ikiwa anjaina ndiyo iliyomsimamisha. Jibu likiwa 5 au zaidi, hatari yake ni ndogo. Likiwa 11 chini ya sifuri au chini zaidi, hatari ni kubwa. Aliyetembea dakika 9 bila kasoro ana alama 9. Aliyetembea dakika 4, ST ikashuka milimita 2, na maumivu yakamsimamisha, ana 4 kutoa 10 kutoa 8, yaani 14 chini ya sifuri. Hapa twaona kuwa uwezo wa mtu kufanya kazi ni ushahidi mkubwa kama mchoro wenyewe.

HESABU YA UKWELI NA UONGO

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Mwaka 1989 yalikusanywa majibu ya utafiti mwingi juu ya jaribio hili. Ilionekana kuwa katika wagonjwa 100 wa kweli, mchoro huwatambua kama 68, na 32 humpita. Katika watu 100 wasio na ugonjwa, mchoro huwaacha salama kama 77, na 23 huwasingizia. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua.

Tuwapime watu 1,000 wasiosikia maumivu yoyote, na tuseme 100 kati yao wana ugonjwa uliojificha. Katika hao 100, mchoro utawatambua 68. Katika 900 wasio wagonjwa, utawasingizia 207. Jumla ya watakaoambiwa kuwa wana dalili ni 275, na wagonjwa wa kweli ni 68 tu, yaani mmoja katika wanne. Watatu watakosa usingizi bure, na pengine watatiwa mrija mpaka moyoni bila sababu.

Sasa tuwapime 1,000 wengine, ambao hukabwa kifua kazini, na tuseme nusu yao ni wagonjwa. Katika 500 wagonjwa, mchoro utawatambua 340. Katika 500 wazima, utawasingizia 115. Jumla ni 455, na kati yao 340 ni wagonjwa wa kweli, yaani watatu katika wanne. Mashine ni ile ile, karatasi ni ile ile, na ST imeshuka milimita zile zile. Kilichobadilika ni mtu aliyepanda mkanda.

Lakini tusisahau upande wa pili. Katika kundi hili, wagonjwa 160 wataambiwa mchoro wao ni mwema. Mtu mwenye maumivu ya wazi akipewa karatasi safi, asiitumie kuyanyamazisha maumivu yake.

Kwa sababu ya hesabu za namna hii, mwaka 2018 baraza la wataalamu wa kinga ya maradhi wa Marekani lilishauri kwamba watu wasio na dalili, na wenye hatari ndogo, wasipimwe kwa mchoro wa moyo ili kutafuta ugonjwa uliojificha. Tena mchoro huwadanganya wanawake zaidi kuliko wanaume, na hausomeki vizuri kwa mtu ambaye moyo wake umenenepa kwa nguvu ya damu, au anayetumia dawa ya digoksini. Kwa watu kama hao hutumika picha. Katika Uingereza, tangu mwaka 2016 mwongozo wa taifa huwataka madaktari waanze na picha ya CT ya mishipa kwa wengi wenye maumivu yanayofanana na anjaina.

MKIMBIAJI WA MAREKANI

James Fixx alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, tena mnene. Alipofika miaka 35 alianza kukimbia, akaacha sigara, akapungua. Kitabu chake cha mwaka 1977 kiliwaingiza Wamarekani wengi katika mbio. Lakini baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Mwishoni mwa mwaka 1983 Fixx alizuru zahanati ya Daktari Kenneth Cooper huko Dallas, akashauriwa apimwe juu ya mkanda, akakataa. Tarehe 20 Julai 1984 alianguka akikimbia katika jimbo la Vermont, akafa. Alikuwa na miaka 52. Mwili wake ulipochunguzwa, mishipa ya koronari ilionekana imeziba vibaya.

Tusiseme kuwa mbio zilimwua, wala tusiseme kwa hakika kuwa mkanda ungalimwokoa. Lakini kwa urithi wa baba yake na sigara za ujana wake, hakuwa mtu wa hatari ndogo. Kwake yeye jaribio lilikuwa na jambo la kusema.

HABARI ZA KWETU

Pengine msomaji atasema haya ni maradhi ya Ulaya na Marekani. Zamani hata madaktari walisema hivyo. Mwaka 1959 Shaper na Jones wa Kampala walieleza kuwa ugonjwa huu ulikuwa karibu hauonekani kwa Waafrika wa Uganda, lakini ulikuwa jambo kubwa kwa jamii ya Kiasia iliyoishi katika nchi ile ile.

Na huko Tanzania, Profesa George Mann wa Marekani aliwachunguza Wamasai. Katika ripoti ya mwaka 1965, wanaume wa Kimasai waliotembezwa juu ya mkanda walionekana kuwa na nguvu za ajabu. Mwaka 1972 ikatoka habari ya mioyo 50 ya Wamasai waliokufa. Mafuta yalikuwemo katika kuta za mishipa yao, tena si kidogo, lakini mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, hata damu ikapata njia. Mann alidhani kwamba mwendo wao wa kila siku ndio uliowalinda.

Basi tusitegemee rangi ya ngozi wala jina la kabila. Leo nguvu ya damu iliyozidi na kisukari vimeenea katika miji yetu, sigara zauzwa kila duka, na wengi wetu tumebadili miguu kwa pikipiki na gari.

TUFANYE NINI?

Kwanza, mtu akisikia uzito au kubanwa kifuani anapopanda ngazi au kilima, hasa ukienda katika mkono wa kushoto au taya, na ukaondoka akipumzika, amwone daktari wala asingoje. Wanawake na wenye kisukari pengine huona pumzi fupi tu au uchovu usio wa kawaida. Pili, maumivu yanayokuja mtu akiwa ametulia na kudumu zaidi ya dakika 15 si ya mkanda. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile. Tatu, asiye na dalili asitoe fedha zake kwa ajili ya mchoro. Ni bora apimwe nguvu ya damu, sukari na kolesteroli, aache sigara, atembee. Nne, aliyepewa mchoro mwema asidhani amepewa hati ya maisha. Mafuta machache yasiyoziba njia yaweza kupasuka ghafula, damu ikaganda juu yake, na mkanda hauwezi kuyaona.

Na ninyi wanafunzi, mkienda nyumbani likizo, mwangalieni mzee anayesimama katikati ya kilima akisema anatazama mahindi. Mwulizeni kwa adabu kama kifua chake kinambana.

MASWALI

1. Kwa nini mtu mwenye mishipa ya koronari iliyoziba nusu aweza kuwa na mchoro mwema akiwa amelala?

2. Mtu ana miaka 60. Kilele cha mapigo yake chakadiriwa kuwa ngapi? Sehemu 85 katika 100 za hesabu hiyo ni ngapi?

3. Mtu alitembea dakika 7, ST ikashuka milimita 2, wala hakupata maumivu. Alama zake za Duke ni ngapi, na je, zaingia katika hatari ndogo, kubwa, au ya katikati?

4. Katika watu 1,000, wagonjwa ni 200. Kwa kutumia hesabu za 68 na 77, watakaoambiwa wana dalili ni wangapi, na wagonjwa wa kweli kati yao ni wangapi?